Nilichapa kitabu changu mwenyewe Juba miaka ya sabini, kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba kirudishwe

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwa miaka nimekuwa msomaji tu humu ndani. Lakini wiki hii nimeona nyuzi tatu za vijana wanaouliza namna ya kuchapisha vitabu vyao wenyewe, na majibu yote yanahusu cover, bei na jinsi ya kujitangaza. Hakuna aliyegusa kitu kilichoniumiza mimi.

Basi leo naweka wazi. Sitaongeza chumvi. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi ni bibi. Naishi Kitale, nimezeekea Kenya, ndiyo maana Kiswahili changu sasa kimenyooka kidogo. Zamani hakikuwa hivi.

Wale wa "fupisha" wapite tu, sitakasirika.

Twende.

Kwetu ni upande wa Nesitu, kwenye barabara ya kutoka Juba kwenda Nimule. Vita vya kwanza, vya watu wa kusini na serikali ya Khartoum, vilitukuta nikiwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa ameshakufa. Tulikimbilia Uganda kwa miguu, mimi, Mama, na mdogo wake Baba. Jina lake Lado, lakini mimi nilimwita Amu tu, kama tunavyowaita baba wadogo kwetu.

Nyanya, mama mzazi wa Baba na Amu, alianza safari pamoja nasi. Hakuimaliza. Nitalifikia hilo.

Uganda nilisoma mpaka nikajua kupiga taipu. Amani ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukarudi. Mimi nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali Juba. Mama akalima mboga karibu na mto. Amu alikuwa seremala, akajenga chini ya mlima wa Jebel Kujur, na kanisani wakamchagua kuwa mzee wa kanisa. Alishika kikapu cha sadaka kila Jumapili, amevaa koti lilelile la kijivu hata jua likiwaka vipi.

Nawaambia haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Mtu wa kuheshimika. Mtu wa maneno machache.

Na mimi nilikuwa na hasira naye ya miaka mingi.

Hasira ilitoka hapa. Siku ya pili ya kukimbia, miguu ya Nyanya ilivimba, ikakataa kabisa. Tulikuwa porini, tunaikwepa barabara kwa sababu ya askari. Amu akamwingiza kwenye rakuba, kile kibanda cha nyasi cha kulindia mtama. Akamwekea mtungi wa maji, kibuyu cha kunywea, na karanga kwenye kitambaa. Akamwambia atarudi kumchukua. Halafu tukaondoka. Mimi niligeuka nyuma mara nyingi. Amu hakugeuka hata mara moja.

Baadaye kambini Uganda, Amu alipotea karibu mwezi mzima. Watu wakasema yuko mjini anakunywa. Akarudi amekonda, macho mekundu, akamwambia Mama amepata habari kwamba Nyanya alichukuliwa na majirani, akafia mikononi mwao, akazikwa vizuri.

Mimi sikuamini. Majirani gani? Majirani wote tulikuwa nao kambini.

Basi nikakua na hilo.

Nilipopata meza na taipu, nikaanza kuandika. Ofisi za Juba wakati ule zilifungwa saa nane mchana. Wenzangu wakienda kula, mimi nabaki. Niliandika kwa karibu mwaka mmoja. Njia nzima ya kukimbia, kambi, njaa, shule, kurudi. Na Nyanya. Sura ya tatu yote ilikuwa Nyanya.

Niliandika kwa Kiswahili. Mtaniuliza kwa nini, Juba watu wanaongea Kiarabu chetu cha Juba.

Ni hivi. Kiarabu kwangu ilikuwa lugha ya watu waliotuchomea nyumba. Kiingereza niliona ni cha wachache. Kule kambini tulikuwa Wabari, Wakuku, Wamadi, Waacholi, na tulipotaka kuelewana sokoni au kwenye foleni ya maji, tuliongea Kiswahili. Kilichobomoka, lakini chetu. Nikasema nitawaandikia watu wa foleni ile.

Nikapeleka mswada Nairobi kwa wachapishaji. Nikangoja miezi minane. Jibu likaja nusu ukurasa: Kiswahili changu si sanifu, na hadithi haina soko.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikasema, kama ni kuchapa, si mimi ndiye mpiga chapa?

Hapo vijana mnaona self-publishing imeanza jana.

Nikanunua rimu za karatasi kidogo kidogo. Pale ofisini kulikuwa na mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na aliyeisimamia alikuwa Tombe, mtu mzima mwenye kigugumizi na roho nzuri. Nilitaipu kitabu kizima tena kwenye stensili, ukurasa mmoja mmoja. Ukikosea herufi unapaka dawa ya kufutia, unapuliza ikauke, unapiga tena. Tombe akazungusha mpaka bega likamuuma.

Jalada tulitumia mafaili ya zamani yaliyokuwa yatupwe, tukayageuza ndani nje. Nikashona kila kitabu kwa sindano ya magunia. Vidole vilitoboka.

Nakala mia moja na ishirini. Nilizipanga ukutani kwenye chumba changu nikakaa kitandani nazitazama. Wakuu, ile furaha sijaipata tena. Hata nilipozaa sikuipata vile, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja kazi ya kutafuta wasomaji.

Mwalimu mkuu mmoja alifungua ukurasa wa kwanza akafunga. "Kiswahili? Hii ni lugha ya kambi za jeshi, binti. Ungeandika Kiingereza ningechukua kumi."

Karani mwenzangu aliyesomea Khartoum alikifungua kuanzia nyuma kama kitabu cha Kiarabu, akakigeuza, akakigeuza tena, akasema ni kizuri.

Na wale watu wangu wa foleni ya maji? Niliwapata. Wako sokoni Konyo Konyo, wanauza samaki, mihogo, vitambaa. Walifurahi kuniona. Wanakiongea Kiswahili vizuri tu. Lakini wengi hawakuwahi kujifunza kusoma.

Sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Mwaka mzima naandika, sikuliwaza.

Wanaojua kusoma hawataki Kiswahili. Wanaotaka Kiswahili hawajui kusoma. Mimi niko katikati na nakala mia moja na ishirini.

Nikaanza kugawa. Nikimkuta mtu ana uso wa huruma, nampa. Nilibadilishana kimoja kwa sukari, kingine kwa sabuni. Vingine nikaweka kwa Mama Kiden, muuza samaki wa kukausha pale Konyo Konyo, ambaye tulikuwa naye kambini. Yeye alisoma kidogo kwa masista. Akaviweka pembeni ya meza yake, vikanuka samaki.

Nikawa napita kila siku kuuliza kama kuna aliyechukua. Wiki inapita, hakuna. Nikifika nyumbani najiambia labda wale wa Nairobi walikuwa sahihi. Labda mimi ni mtu aliyejua kutaipu tu, akadhani anajua kuandika. Nilikuwa naamka natazama vitabu ukutani navichukia.

Jambo moja naomba mlishike. Nilimpa kila mtu. Mwalimu, karani, shemeji wa rafiki, mtu niliyekutana naye kivukoni.

Amu sikumpa.

Nilijiambia hana muda wa kusoma. Uongo. Niliogopa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka.

Kanisani kwetu kulikuwa na shemasi mmoja aliyekulia Uganda, msomaji mzuri. Kitabu kikamfikia, sijui kupitia nani. Jumapili moja baada ya ibada, watu wamekaa nje wanakunywa chai, akaanza kuwasomea. Alichagua sura ya tatu. Majina nilikuwa nimebadilisha, lakini niliandika "seremala", niliandika "mdogo wa baba", na jina langu liko juu ya jalada.

Mimi sikuwepo. Ila Jumatatu barabarani watu wakaanza kunisimamisha.

"Wewe ndiye uliandika ile?"

"Ndiyo ni mimi."

"Mimi iko nataka moja."

Wakuu, sitawadanganya. Nilifurahi. Nilifurahi sana. Vile vya Mama Kiden vikaisha kwa siku nne. Nikamrudia Tombe, akadurufu nyongeza ya nakala sitini. Mwanamke mmoja alilia mbele yangu kwa sababu ya Nyanya, na mimi nikasimama pale nimejaa kiburi kama puto. Niliona hatimaye mimi ni mwandishi.

Mama hakujua kusoma. Lakini wanawake wa bustanini walimfikishia. Nikamkuta amekaa na jembe mapajani.

"Umeandika nini juu ya Lado?"

"Nimeandika yaliyotokea, Mama."

"Umeandika alikubeba mgongoni ulipopata homa? Kutoka mto Aswa mpaka tukaingia Uganda?"

Nikajifanya natazama mboga.

"Umeandika au hukuandika?"

"Ile haikuhusu sana hadithi," nikamwambia.

Mama akashika mpini wa jembe. Akasema, "Malesh." Kwa Kiarabu chetu ni kama pole, au kama kusema basi tu, haidhuru. Sikujua alikuwa anampa pole nani. Akarudi kulima.

Na mimi nikajiambia, ukweli unauma, wazoee.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na kikao cha kanisa. Haya nilisimuliwa na Tombe, aliyekuwepo. Mzee mmoja, mtu aliyekuwa akiitamani nafasi ya Amu siku nyingi, alisimama na kitabu changu mkononi. Akauliza, mtu aliyemwacha mama yake mzazi porini atashikaje kikapu cha sadaka?

Wakamgeukia Amu wasikie atasema nini.

Alivua lile koti la kijivu, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akatoka.

Tombe akanisimulia huku kigugumizi kimemzidi. Mwisho akaniuliza, "U-u-ulimuuliza kabla?"

Nikamwambia nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu.

Akatikisa kichwa akarudi kwenye mashine yake. Kuanzia siku ile hakunidurufia ukurasa wowote tena.

Alhamisi, ofisi imeshafungwa, nikatoka nikamkuta Amu amekaa kwenye benchi la nje. Ana vumbi la mbao kwenye nywele. Ana kitabu changu, amekifunga kwenye gazeti kisichafuke.

Nilitaka kurudi ndani.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nilinunua kwa Mama Kiden. Kabla ya watu kuanza kununua. Nikamwomba asikuambie. Niliona jina lako nikasema, mtoto wa kaka yangu ameandika kitabu." Akafungua gazeti polepole. "Nilidhani umesahau kuniletea."

Akafungua sura ya tatu. Alikuwa amekunja ncha ya ukurasa. Akaweka kidole, kidole kikubwa cha seremala, kucha moja nyeusi.

"Hapa unasema sikugeuka. Ni kweli. Ningegeuka nisingeweza kwenda. Hapa umeandika vizuri."

Akasogeza kidole.

"Hapa unasema sikurudi."

Watu walipita barabarani wakamsalimu, akawaitikia, wakaenda.

"Nilirudi."

Ule mwezi ambao watu walisema anakunywa mjini, alikuwa amevuka mpaka kurudi. Peke yake, akitembea jioni na alfajiri. Alilala siku mbili kwenye majani marefu kwa sababu askari walipiga kambi njiani. Akafika kwenye ile rakuba.

Nyanya alikuwa amelala upande, amejifunika vizuri. Ameshakufa siku nyingi.

"Mtungi ulikuwa umejaa," Amu akasema.

Sikuelewa.

"Umejaa mpaka juu, kama nilivyouacha. Kibuyu hakikuguswa. Karanga ziko kwenye kitambaa, hakufungua fundo."

Ndipo nikaelewa, lakini yeye akamaliza.

"Alinijua. Alijua nitarudi. Alijua nikimkuta hai sitamwacha mara ya pili, tutafia pale wote wawili. Akafanya haraka."

Alimzika kwa mikono na kijiti cha kulimia. Maji ya mtungi akamnawisha nayo uso, yaliyobaki akayamwaga.

Nikamuuliza kwa nini alitudanganya habari ya majirani.

"Ningemwambia mama yako nini? Mwanamke ana mtoto wa kulea, hana mume, hana chakula. Nimwambie habari ya mtungi? Nikuambie wewe, una miaka tisa?"

"Lakini kanisani, Amu. Kwa nini kanisani hukusema?"

"Wangeuliza alikufaje. Ningesema. Kesho yake wangekuwa wanaongea habari ya mama yangu na maji, kwenye chai." Akafunga kitabu. "Heri waongee habari yangu."

Akakirudishia gazeti lake, akasimama. Nilidhani atakiacha. Alikichukua akaondoka nacho.

Wakuu, nimepumzika kidogo hapa. Miaka yote hii na bado sehemu hii inanichosha.

Kesho yake nikaanza kuvikusanya.

Fikirieni. Miezi mitatu nilipita nikibembeleza watu wachukue. Sasa napita nikibembeleza warudishe.

Na kule kwenye kuvirudisha ndiko nilikojua wasomaji wangu ni kina nani. Mwalimu mkuu alinirudishia kwa furaha, kikiwa safi. Kwa shemeji wa rafiki kilikuwa chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Nyumba nyingine walikuwa hawajakifungua, kurasa bado zimeshikana kwa wino. Yule mwanamke aliyelia mbele yangu hakukumbuka alikoweka. Shemasi alinirudishia bila sura ya tatu. Alikuwa ameikata, ameiweka kwenye Biblia yake, akasema hiyo ndiyo sehemu nzuri, atabaki nayo.

Kila niliyemwambia kwamba nilikosea, kwamba Amu alirudi, aliniangalia kwa jicho la kunionea huruma. "Familia wamekubana, eh?" Hilo ndilo waliloamini. Uongo wangu waliuamini bila kuuliza. Ukweli wakaona nimelazimishwa.

Sikuweza kuwaambia habari ya mtungi. Nimewaambia ninyi leo kwa sababu Amu hayupo tena, Mama hayupo, na ninyi hamwajui.

Mama Kiden alikuwa amejiwekea moja. Nikamwomba.

"Hapana," akasema. "Hii kitabu ni yangu. Mimi narudisha hapana."

"Mama, ndani kuna uongo."

"Uongo iko wapi?"

"Sura ya tatu. Amu hakumtupa mama yake."

Akafuta mikono kwenye nguo. Alikuwa na samaki wamejipanga mbele yake, nzi wamewajaa, hakuwafukuza.

"Mimi pia niliacha mtu kwa njia," akasema. "Mtoto yangu ya pili. Hakuna mtu aliandika yangu. Hii yako, hata kama ni ya uongo, nikisoma mimi naona yeye. Wewe unataka kunyang'anya?"

Nikamwachia.

Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Tuliishi naye kambi moja na sikuwahi kujua alikuwa na mtoto mwingine. Mimi niliyejiita mwandishi wa watu wale.

Vilivyorudi vilikuwa kama nusu. Nilivichoma nyuma ya nyumba, na vilikataa kushika moto haraka kwa sababu ya yale majalada magumu. Nilisimama navichochea kwa kijiti karibu mchana wote, Mama anaosha sahani.

Amu hakurudi kanisani. Walituma watu wawili kumwomba, baadaye sana, mambo yalipopoa. Akawaambia koti wampe mtu mwingine. Akahamia Nesitu, akatengeneza milango na meza kwa maduka yale ya kando ya barabara, malori yanaposimama kwenda na kutoka Nimule. Kaburi la Nyanya halikuwa mbali na pale. Alikuwa mtu pekee aliyejua lilipo.

Karibu mwaka mmoja baadaye, nikataipu upya sura ya tatu. Niliandika kila kitu alichoniambia pale kwenye benchi, isipokuwa maji. Na homa yangu, na mgongo wake, mpaka Uganda. Kurasa tisa. Sijawahi kuandika vizuri kuliko pale, najua.

Nikapanda lori mpaka Nesitu.

Nilimkuta anapiga randa ubao. Hakushangaa kuniona. Akanipa kigoda, akaniletea maji. Nikamwambia nimeiandika tena na nataka aisikie yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Malori yanapita, vumbi linaingia, nanyamaza, naendelea. Yeye alikuwa amekaa amekunja mikono. Nilipofika mahali pa kumzika, akainua mkono kidogo, nikadhani anataka nikome, lakini alikuwa anafukuza nzi.

Nikamaliza.

"Kalas," akasema. Imekwisha. "Sasa ni kweli."

Nikaanza kulia kwa furaha. Nikamshika mkono.

Kisha akaniuliza, sio kwa ubaya, aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Nani atasoma?"

Karatasi sikuwa nazo. Tombe hakunitaka. Na watu walishakula hadithi yao wakashiba, hakuna aliyekuwa anasubiri marekebisho.

Amu akachukua randa yake akaendelea na ubao.

Hatukugombana. Alikuja kwenye harusi yangu, akanitengenezea kitanda ambacho nilikiacha Juba tulipokimbia tena vita vya pili. Lakini tangu siku ile ya benchi, kila nilipomtembelea aliniambia habari za mvua, bei ya mbao, afya. Alichagua maneno mbele yangu kama mtu anayetoa maelezo kwa karani. Mambo mengi aliyajua, ya Baba, ya kijiji, ya babu zetu. Amekufa nayo. Alijua nikisikia nitaandika.

Hiyo ndiyo bei niliyolipa, na hakuna mtu aliyenitajia nilipokuwa nanunua rimu za karatasi.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini ni changu. Tunawalaumu wachapishaji kwa kutukataa, na mimi bado nina kinyongo na wale wa Nairobi. Ila ukichapa mwenyewe, hakuna mtu kati ya mkono wako na karatasi. Hakuna wa kukuuliza "una uhakika?" Tombe aliniuliza, kitabu kikiwa kimeshatoka. Basi tafuta wa kukuuliza mapema. Na kama umemwandika mtu aliye hai, yeye awe wa kwanza kukisoma, hata kama unamchukia. Hasa kama unamchukia. Nilichoona kwa macho yangu nikiwa na miaka tisa kilikuwa kweli, na bado kitabu kilikuwa uongo.

Tafadhali msije PM kuniomba PDF. Hakuna. Na kama kuna nakala imebaki mahali, labda ni ile ya Mama Kiden, sijui vita viliipeleka wapi.

Karibuni mcomment. Matusi pia nitasoma, nimeyazoea.

Lakini waandishi mtaniwia radhi, ninyi nawajua, nimekuwa mmoja wenu. Nataka kuwasikia wale ambao ndugu zao waliwaandika. Mlipokiona kitabu, mlifanya nini?